Fuga bakteria kwanza: mwongozo kamili wa kuandaa tangi jipya la mbuna

Siku ya tano asubuhi niliwakuta wote juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanapiga haraka haraka kama ya mtu aliyepanda ngazi ghorofa sita na ndoo kichwani. Mbuna ni samaki wa kufukuzana na kujificha kwenye mawe. Ukiwaona wamejipanga juu kimya, jua kuna jambo. Maji yenyewe yalikuwa maangavu, unaona hadi ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimenunua kumi na wawili; kufikia siku ya tisa walibaki watatu.

Dukani nilikuwa nimepewa ushauri ambao karibu kila anayeanza hupewa: "Kaka, jaza maji leo, washa filta, kesho njoo uchukue samaki." Nilipopiga simu kulalamika nikaambiwa, "Hiyo itakuwa dawa ya bomba." Haikuwa dawa ya bomba, yaani klorini, maji yalikuwa yamelala siku mbili. Samaki wangu waliuawa na uchafu wao wenyewe, kwa sababu ndani ya lile tangi hakukuwa na wa kuusafisha. Wasafishaji ni bakteria, na bakteria hao hawaji na maji wala hawauzwi pamoja na kioo. Unawafuga wiki nne au tano kabla ya samaki wa kwanza. Sasa nakueleza namna ya kuwafuga, hatua kwa hatua, kwa vitu vinavyopatikana kwetu.

Kinachotokea ndani ya maji

Samaki akila, sehemu ya chakula hutoka mwilini ikiwa amonia. Nyingi haitoki na kinyesi, inatoka kupitia matamvua, usiku na mchana. Ziwani inapotelea. Kwenye kioo cha futi nne inabaki pale pale na kurudi kuunguza matamvua yale yale yaliyoitoa.

Bakteria wanaiondoa kwa hatua mbili. Kundi la kwanza, maarufu wao akiwa Nitrosomonas, linaigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: inaingia kwenye damu, damu inageuka kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, samaki anakosa pumzi katikati ya maji yaliyojaa hewa. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia vizuri ikiwa haijapanda sana, na ambayo wewe unaitoa kwa ndoo kila wiki. Nitriti na nitrati majina yamefanana kama Kulwa na Doto, lakini mmoja anaua na mwenzake si mkorofi, kwa hiyo ukishika chupa ya kipimo isome mara mbili.

Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria wa namna hii akiwa Zürich, mwaka 1890. Kwa miaka mingi baada yake vitabu vya samaki viliandika kwamba wa hatua ya pili ni Nitrobacter. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichunguza matangi ya maji baridi wakakuta kazi hiyo inafanywa na jamaa wa Nitrospira, na mwaka 2015 ikajulikana kuwa wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Historia hii ina faida dukani: chupa ya bakteria inayojisifia Nitrobacter tu, mimi naiacha rafuni.

Tabia mbili za bakteria hawa ndizo zinazoamua kila kitu kinachofuata. Kwanza, wanazaana polepole. Bakteria wa kuozesha chakula huweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa, hawa wanataka saa nyingi, wakati mwingine siku nzima na zaidi. Pili, wanaishi wamejishikiza: kwenye sponji ya filta, mchanga, mawe, hata kioo. Ndani ya maji yenyewe ni wachache mno. Ndiyo maana kumwomba jirani ndoo mbili za "maji ya zamani" ni kujichosha mgongo bure. Mwombe sponji.

Kwa nini mbuna wanataka subira zaidi

Mbuna wanatoka kwenye mawe ya Ziwa Nyasa, na jina lenyewe ni la Kitonga cha upande wa Malawi. Maji ya ziwa hilo yana pH (kipimo cha utindikali wa maji; 7 ni katikati, chini yake ni tindikali) ya kati ya 7.7 na 8.6. Ziwa Tanganyika liko juu zaidi, karibu 9. Ukifuga samaki wa maziwa haya utajenga maji ya namna hiyo, na hapo ndipo amonia inapoonyesha makucha.

Amonia ndani ya maji iko katika sura mbili, moja kali na moja ya upole, na pH ndiyo inayogawa. Kwenye joto la nyuzi 25, pH ikiwa 7, sura kali ni asilimia 0.6 hivi ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika asilimia 5, kwenye 8.5 asilimia 15, na kwenye 9 inazidi theluthi. Joto la Dar likipanda, inapanda nalo. Kipimo kinachosoma amonia 1 (miligramu 1 kwa lita) kwenye tangi la mtu wa pH 7 kinaweza kumpita samaki wake bila kishindo; amonia 1 hiyo hiyo kwenye tangi la mbuna ni msiba.

Halafu mbuna hawawekwi mmoja mmoja. Wakitangulia watatu wanagawana mawe, na anayekuja baadaye anapigwa mpaka anakufa. Unawaweka kundi zima kwa siku moja. Hiyo maana yake siku hiyo bakteria lazima wawe wameshatosha kwa kundi zima, na hakuna njia ya kufika hapo kwa kuongeza samaki kidogo kidogo.

Vifaa

Tangi langu ni la futi nne, lita 200 na kidogo, lakini ukitoa mchanga na mawe maji yanabaki kama lita 180. Hesabu zote za dawa fanya kwa lita za maji halisi. Njia rahisi ni kuhesabu ndoo wakati unajaza.

Filta yoyote inafaa mradi ina sponji nyingi na maji yanapita. Kwa anayeanza, filta mbili za sponji zinazosukumwa na pampu ya hewa zinatosha na ni za bei nafuu. Zinachuja na kuingiza hewa kwa wakati mmoja, na bakteria hawa wanakula oksijeni kweli kweli. Hita: Dar, Tanga, Mombasa huhitaji, maji ndani ya nyumba yanakaa nyuzi 26 hadi 30 na hapo ndipo bakteria wanapopenda. Ukiwa Mbeya, Arusha au Nairobi, nunua hita uiweke nyuzi 27, la sivyo wiki tano zitakuwa miezi mitatu.

Kitu ambacho watu wanakiruka ni vipimo vya maji, wakati hicho ndicho cha kununua kabla hata ya samaki. Unahitaji vya matone kwa amonia, nitriti, nitrati na pH. Vile vya vijiti vya karatasi ni vya kubahatisha, na vingi havina amonia kabisa. Kasha langu ni la kampuni ya API. Amonia inasoma kutoka njano kwenda kijani, nitriti kutoka buluu ya anga kwenda zambarau, nitrati kutoka njano kwenda nyekundu. Chupa ya pili ya nitrati ina dawa inayotuama chini: igonge mezani, itikise sekunde 30 kwa nguvu, kisha ukishatia matone tikisa kichupa dakika nzima. Dakika nzima ya saa, siyo ya makadirio. Nilikaa wiki mbili nikiandika "nitrati 0" kumbe nilikuwa mvivu wa kutikisa.

Mwisho, chakula cha bakteria, yaani amonia yenyewe. Kizuri kuliko vyote ni kloridi ya amonia, unga mweupe unaopatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara. Ukikosa, mbolea ya SA ya dukani kwa pembejeo inafanya kazi, kwa sababu SA ni salfeti ya amonia. Usichukue DAP wala NPK, hizo zina fosfeti nyingi na utaishia kufuga mwani. Amonia ya maji ya kusafishia inafaa pale tu haina sabuni wala manukato: tikisa chupa, povu likikaa badala ya kupotea mara moja, irudishe.

Mizani ya jikoni haiwezi kupima nusu gramu, kwa hiyo fanya hivi. Muuzaji akupimie gramu 10 za kloridi ya amonia. Ziyeyushe kwenye lita 1 ya maji safi ndani ya chupa. Andika SUMU kwa kalamu nene na uiweke mbali na watoto. Kila mililita 60 za chupa hiyo zinapandisha amonia ya lita 100 za maji kwa miligramu 2 kwa lita (kwenye kasha la vipimo imeandikwa ppm, ni kitu kile kile). Kwa lita 180 ni mililita 108. Ukitumia SA, ni mililita 80 kwa lita 100. Bomba la sindano kubwa la duka la dawa ndiyo kipimo chako.

Maji

Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo kuua bakteria, wakiwemo wako. Yaache kwenye pipa wazi saa 24 jiwe la pampu ya hewa likitoa mapovu ndani, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Mamlaka ya maji ikiwa inatumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kulaza hakusaidii, hapo ni dawa tu. Maji yaliyokaa kwenye Simtank juu ya paa siku kadhaa mara nyingi yameshapoteza klorini, ila mimi sitegemei hilo siku bomba limetoka asubuhi hiyo hiyo.

Kisima kina mambo yake. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na kilichochimbwa karibu na choo cha shimo huweza kuja na nitrati tayari. Pima maji matupu kabla hujajaza, uandike. Usipofanya hivyo utakuja kushangilia nitrati iliyotoka kisimani ukidhani ni kazi ya bakteria.

Maji ya mvua ni laini mno kwa kazi hii. Bakteria wanapoigeuza amonia wanazalisha tindikali, na kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inakula miligramu 7 hivi za alkalini ya maji, yaani akiba yake ya kuzimua tindikali. Alkalini ikiisha, pH inaporomoka. Chini ya 6.5 bakteria wanalegea, karibu na 6 wanasimama. Kwa tangi la mbuna dawa yake ni ile ile inayowapendeza samaki: changanya kwenye mchanga maganda ya chaza au konokono yaliyosagwa, yale ya kuchanganyia chakula cha kuku, baada ya kuyaosha mpaka maji yatoke safi. Ukitaka kupandisha haraka, bekingi soda ya jikoni, kijiko cha chai kwa lita 50. Siyo bekingi pauda. Na tafadhali siyo magadi ya kupikia maharage. Magadi yanairusha pH juu mno, na hesabu ya amonia uliyoiona pale juu inakugeukia.

Kulisha tangi tupu

Osha mchanga, panga mawe, jaza, washa filta, zima taa. Taa haina kazi kwa bakteria na inaleta mwani. Filta haizimwi tena, usiku wala mchana.

Siku ya kwanza tia amonia ya kufikia 2. Subiri saa moja maji yachanganyike, pima. Ikisoma 4, umezidisha, toa maji nusu. Amonia nyingi haiharakishi chochote, inawachelewesha wale wa hatua ya pili.

Kisha kaa. Tangi langu la pili, nililoliandaa bila sponji ya mtu, lilikaa siku nane bila kipimo kubadilika. Kila jioni kijani kile kile. Siku ya tatu maji yakapauka kama yametiwa maziwa, mke wangu akasema yameoza, nikakaribia kuyamwaga yote. Hao ni bakteria wa kawaida wanaokula vumbi na mabaki, wanapita wenyewe. Usibadilishe maji, usitie dawa.

Siku ya tisa amonia ikashuka kidogo na kipimo cha nitriti kikapata uzambarau wa kwanza. Kuanzia hapo nikawa napima kila siku mbili. Kufikia siku ya kumi na nne amonia niliyoitia usiku ilikuwa sifuri kesho yake, na hapo ndipo wengi wanapokosea, wanadhani kazi imeisha. Nitriti ilikuwa imepanda hadi tone la kwanza tu likigusa maji kichupa kinakuwa zambarau tupu.

Sababu ni hesabu. Miligramu 1 ya amonia ikigeuzwa inazaa miligramu 2.7 za nitriti. Ukiendelea kutia amonia 2 kila siku, unaongeza nitriti zaidi ya 5 kila siku, na kipimo chenyewe mwisho wake ni 5. Kwa hiyo nitriti ikitokea, punguza: tia amonia ya kufikia 1, kila baada ya siku mbili, itoshe tu kuwaweka hai wale wa kwanza. Ukitaka kujua nitriti imefika wapi kweli, chukua sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu tisa za maji safi, pima, zidisha kwa kumi. Ikiwa imezidi 15 hivi, badilisha nusu ya maji. Hutapoteza bakteria, wako kwenye sponji.

Awamu hii ya nitriti ndiyo inayochosha. Inakaa wiki mbili na zaidi, na haishuki kwa ngazi. Kwangu ilikaa zambarau siku kumi na saba; siku ya thelathini na moja nikapima jioni, zambarau; siku ya thelathini na mbili nikapima nikidhani nimesahau kutia matone, buluu ya anga. Nikapima tena. Buluu.

Baada ya hapo fanya jaribio: tia amonia 2 kamili, subiri saa 24, pima. Amonia sifuri na nitriti sifuri siku mbili mfululizo, tangi limeiva. Amonia sifuri lakini nitriti bado ipo, rudia kila siku mpaka vyote viwe sifuri siku mbili mfululizo. Kundi la mbuna linakula vizuri, siku moja ya bahati haitoshi.

Asiye na kemikali anaweza kutumia chakula cha samaki chenyewe, bana moja ya vidole kila siku kioze, au kamba mbichi mmoja kwenye soksi safi. Inafanya kazi, ila huwezi kupima umetia kiasi gani, maji yanachafuka, na kamba anavyonuka siku ya nne hutaulizwa mara mbili nyumbani.

Mkato wa kweli: sponji ya mtu

Ukimjua mtu mwenye tangi lililokaa miezi kadhaa bila ugonjwa, safari yote inafupika. Mwombe sponji yake moja, au hata akukamulie sponji zake kwenye ndoo ya maji ya tangi lake. Yale maji ya kahawia, mazito kama rojo la mchuzi, ndiyo mali. Yamwage karibu na filta yako.

Usafiri ndio unaoua. Sponji iende imelowa, ndani ya ndoo au mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi, isioshwe bombani, isifike jua la dirishani kwenye daladala. Nikitoka Tabata kwenda Mbezi kwenye foleni natembea na pampu ndogo ya betri. Ukifika ichomeke kwenye filta yako saa hiyo hiyo, tia amonia 1, pima kesho. Tangi langu la tatu lilianza hivyo na likapita jaribio siku ya tisa. Tahadhari moja: sponji inakuja na kila kilichomo kwenye tangi la mwenyewe, minyoo na magonjwa pamoja. Samaki wake wakiwa na madoa meupe, shukuru, uende kwingine.

Bakteria wa chupa wapo wanaofanya kazi. Tatizo ni kwamba ni viumbe hai, na chupa iliyopikwa bandarini ndani ya kontena kisha ikakaa dukani kwenye joto huenda imebaki na maji tu. Ukiinunua, angalia tarehe, tia, halafu endelea kupima kana kwamba hukutia.

Ikikwama

Wiki tatu zimepita na amonia haijashuka? Pima pH kwanza. Ikiwa chini ya 6.5, umepata jibu. Ongeza bekingi soda, badilisha maji kidogo. pH ikiwa sawa, tia bana ndogo ya chakula cha samaki, kwa sababu bakteria wanahitaji fosforasi kidogo ili wazaane na maji matupu huweza kukosa. Kisha jiulize kama hukuongeza maji ya bomba yaliyotoka moja kwa moja mpirani. Rafiki yangu alijaza yaliyopungua kwa mpira kila Jumamosi, akawa anaanza upya kila Jumamosi.

Nitrati nayo ikipanda wakati nitriti iko juu, usiiamini sana. Kipimo cha nitrati kinahesabu na nitriti humo humo. Utaisoma vizuri nitriti ikishaisha.

Siku ya samaki

Tangi likipita jaribio, nitrati itakuwa juu sana, 100 na zaidi si ajabu. Badilisha maji asilimia 80, yasiyo na klorini, joto karibu sawa. Pima nitrati mpaka ishuke chini ya 20 au 30. Samaki waingie siku hiyo au kesho yake. Wakichelewa, endelea kutia amonia 1 kila siku mbili, bakteria nao wana njaa.

Waweke kundi zima, jioni, taa imezimwa. Usiwalishe siku ya kwanza. Wiki ya kwanza lisha mara moja kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika moja, na pima amonia na nitriti kila siku. Ukiona hata 0.25 usitie chakula kesho, badilisha maji robo.

Kama umeshawaweka

Najua wapo wanaosoma hapa samaki wakiwa tayari ndani, wanahema juu. Badilisha maji nusu sasa hivi, yasiyo na klorini. Acha kulisha siku mbili, baada ya hapo lisha kidogo kila baada ya siku moja. Pima kila siku. Amonia na nitriti kwa pamoja zikifika 0.5, badilisha tena nusu, na kwa pH ya 8.5 mimi singengoja hata ifike hapo. Ongeza pampu ya hewa. Nitriti ikipanda, tia chumvi ya kawaida gramu 1 kwa lita, iyeyushe pembeni kwanza. Kloridi ya chumvi inazuia nitriti isiingie kwenye matamvua, na mbuna wanaivumilia. Utafanya hivi mwezi mzima. Ukipata sponji ya mtu, wiki moja.

Umeme na usafi

Umeme ukikatika, filta za sponji zilizo wazi ndani ya tangi zinavumilia kwa muda. Filta ya nje iliyofungwa haina hewa, bakteria wanaanza kufa ndani ya saa chache na maji yaliyomo yanaoza. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi usiiwashe tu. Ifungue, mwaga maji yaliyolala humo, kisha uwashe. Pampu ya hewa ya USB kwenye pawabenki inashikilia usiku mzima, na bei yake haifiki ya mbuna wawili wazuri.

Kuosha: sponji inaoshwa kwenye ndoo ya maji ya tangi uliyoyatoa, unaikamua mara tatu nne inatosha, hata ikibaki ya kahawia. Ukiwa na mbili, osha moja leo, nyingine baada ya wiki mbili. Dada wa kazi kwangu aliwahi kuziosha zote kwa sabuni ya unga, kwa nia njema kabisa, zikang'aa. Wiki iliyofuata nilikuwa nabadilisha maji kila asubuhi kabla ya kazi. Dawa za antibaiotiki nazo usizitie ndani ya tangi kubwa. Samaki mgonjwa mtibu kwenye ndoo yake.

Nyuma ya mawe, mahali samaki hawaharibu sura, nina sponji ya ziada imeunganishwa na pampu ile ile. Haihitajiki na tangi langu. Imeshatoka mara tatu, mara moja kwa shemeji yangu Kigamboni na mara mbili kwa watu waliokuja wakiwa na samaki wanahema juu, na kila ikitoka nachomeka mpya pale pale.